Zuhura kwenye Mashuke si hukumu ya ndoa

Dada, usitishike. Umeambiwa ndoa yako haina heri kwa sababu ulipozaliwa sayari ya Zuhura ilikuwa kwenye nyota ya Mashuke, nyuzi 8. Kweli, kwa unajimu wa Kihindi hapo Zuhura huhesabiwa dhaifu. Lakini mnajimu makini haishii kwenye chati ya kuzaliwa. Kwa mambo ya ndoa anafungua navamsa, chati ya pili inayotokana na ile ya kuzaliwa, ambapo kila nyota ya nyuzi 30 hukatwa vipande 9, kila kimoja nyuzi 3 na dakika 20.

Nyuzi 8 ni kipande cha tatu. Kwa Mashuke hesabu huanzia Mbuzi, inapita Ndoo, inaangukia Samaki, na Samaki ndiko Zuhura anakotukuka! Yaani ana nguvu ambayo chati ya kwanza haikuionyesha. Angekuwa nyuzi 28 angebaki Mashuke kwenye chati zote mbili, hapo ningekuwa na wasiwasi.

Ila kabla hujasoma nyumba ya saba ya navamsa, yaani ile ya ndoa, inayohesabiwa kuanzia nyota inayochomoza, hakikisha saa yako ya kuzaliwa. Nyota inayochomoza humo hubadilika kila dakika 13 hivi, kwa hiyo "alfajiri alfajiri" ya mama haitoshi. Na huyo anayekuuzia pete ya kito bila kuigusa navamsa, achana naye.