Vipande vyeupe chooni: hilo ni tegu, na wa kuangaliwa si kaka yako peke yake

Mkuu, umeuliza kama vile vipande vyeupe bapa anavyotoa kaka yako vimetokana na kitimoto, na kama kidonge kimoja cha albendazo kitamtosha. Hilo ni tegu, mnyoo mrefu bapa wa tumboni. Huenda kalipata kwenye nguruwe, huenda kwenye nyama ya ng'ombe isiyoiva, na kwa watu wa nyumba yenu tofauti hiyo ni kubwa sana.

Nimefuga na kuuza nguruwe Mbozi miaka mingi. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu porini, anameza mayai ya tegu, na nyama yake inajaa vijifuko vyeupe vyenye maji. Mnunuzi mzoefu humlaza chini, humfungua mdomo kwa mti na kumpapasa ulimi kabla ya kutaja bei. Akivikuta, bei inaanguka, ila nguruwe mwenyewe hafukiwi. Huchinjwa usiku na kuliwa. Nyama ikibaki mbichi ndani, kijifuko kinajishika kwenye utumbo, na baada ya miezi kama 2 ni mnyoo wa mita kadhaa.

Mwenye mnyoo huo mara nyingi hasikii chochote, na hapo ndipo naomba unisome vizuri. Mayai yake yakimfikia mtu mdomoni, kwa mikono isiyonawiwa, kachumbari au maji, hayawi tegu tumboni. Yanakuwa vijifuko vilevile kwenye misuli, macho na ubongo. Vya ubongoni huleta kifafa. Binamu yangu alianza kuanguka akiwa mtu mzima, akazungushwa kwa waganga wee, mpaka kipimo cha CT, picha ya ndani ya kichwa, kilipoonyesha madoa kichwani. Ni Mwislamu, nguruwe hajawahi kumgusa. Mwaka 1992 madaktari waliandika habari kama hiyo kuhusu Wayahudi wanne wa New York wasiokula nguruwe kwa dini yao. Walioshukiwa kuwaambukiza ni wafanyakazi wa ndani waliotoka nchi zenye tegu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sehemu zenye ugonjwa huu kwa wingi, karibu 30% ya wenye kifafa wamekipata hivi. Inaniuma kuona bado tunawafungia ndani tukisema wamerogwa.

Mayai ya tegu la ng'ombe hayafanyi hivyo kwa binadamu. Ndiyo maana asivitupe hivyo vipande: aweke kimoja kwenye kichupa chenye maji apeleke maabara. Kwa darubini mayai ya aina hizi mbili yanafanana kabisa, lakini kwenye kipande chenyewe mtaalamu anahesabu matawi ya mfuko wa mayai na kuzitofautisha. Dalili nyingine, vipande vya tegu la ng'ombe hutoka vyenyewe vikitambaa, unavikuta kwenye nguo ya ndani.

Albendazo ya kidonge kimoja haitegemewi hapa. Dawa zake ni niklosamidi, au prazikwanteli, ileile ya kichocho. Wakati anasubiri majibu, anawe kwa sabuni kila atokapo chooni na asiwapikie wengine.

Sasa nijibu hili: amewahi kuanguka kifafa, au ana maumivu ya kichwa yasiyoisha? Kama ndiyo, asimeze prazikwanteli ya kununua dukani. Kama kuna vijifuko ubongoni, dawa hiyo inaweza kuvichokoza akapata degedege. Daktari aambiwe hilo kwanza.