Barua kwa mwanangu: unga wa Wajesuiti

Neema mama,

Nimepata ujumbe wako kutoka Lubumbashi. Unauliza "unga wa Wajesuiti" uliousoma katika kitabu cha zamani cha dawa ni mmea gani. Ni kenkina, mama, mti uleule ninaoufahamu kutoka mashambani huku kwetu Kivu. Unayakumbuka yale magome niliyokuwa naleta nyumbani? Nje kijivu, ndani yamegeuka rangi ya kutu, na ukilamba kidogo tu uchungu wake haukuachi upesi.

Asili ya mti ni milima ya Andes. Katika karne ya 17 Wajesuiti, watawa wa Kikatoliki, waliokuwa Peru walikuwa wakituma magome Ulaya, kwani homa ya malaria ilikuwa inaua watu hata Roma kwenyewe. Huko Roma Kadinali Juan de Lugo, naye Mjesuiti, akawa anawagawia maskini. Ndiyo maana wengine waliuita "unga wa Kadinali". Wenyeji wa milimani, wenye mti wao, hawakupewa hata herufi moja.

Jina lenyewe likaiponza dawa. Waprotestanti wengi wa Uingereza walikataa kumeza kitu cha Wajesuiti. Walizihofia hila za Papa kuliko homa. Hapo Robert Talbor, mganga wa Kiingereza, akapata ulaji. Aliwatahadharisha watu wajihadhari na unga ule, huku mwenyewe akiuza dawa yake ya siri, na hata akamtibu Mfalme Charles II. Siri hiyo aliinunua Louis wa 14 wa Ufaransa. Talbor alipofariki mwaka 1681, mfalme akaitoa hadharani: kumbe ni gome lilelile, limetiwa kwenye divai! Huwa nacheka peke yangu.

Jina la kisayansi la mti huu, Cinchona, nalo lina vituko vyake. Linnaeus, mtaalamu wa mimea, alilitoa mwaka 1742 kwa heshima ya mke wa mtawala wa Peru, bibi wa Chinchón, anayesimuliwa kuwa aliponywa na gome hilo. Herufi h moja ikamponyoka. Baadaye shajara ya ikulu ya mtawala huyo ilipochunguzwa, mwenye homa akaonekana ni bwana, si bibi.

Basi katika kazi yako ya mwisho andika Cinchona, ndilo linalokubalika, na unga wa Wajesuiti uuweke kwenye sehemu ya historia. Habari ya yule bibi, ukiitaja, sema ni hadithi. Kisha usikawie huko, nenda mwaka 1820, Wafaransa Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini, ile dawa yenyewe ya malaria, kutoka kwenye gome. Maprofesa wako watakubana hapo.

Mama yako anakusalimia sana.

Papa yako,
Bukavu