Kilele chako kipime mwezi wa Juni

Ndugu mhariri, swali lenu la wiki liliuliza hivi: "Mtu akifika kilele cha maisha yake, afanye nini ili akitumie vizuri?" Wengi watajibu avune, ajenge, anunue kiwanja. Mimi naomba nijibu swali la jirani: atajuaje kama amekitumia? Kwa mkulima wa korosho wa Newala, Tandahimba au Ruangwa, huku Kusini mwa Tanzania, jibu halipatikani Novemba fedha za mnada zikiingia. Linapatikana Juni, mikorosho inapoanza kuchomoza maua na mkulima anaulizwa salfa, dawa ya kukinga maua na ukungu, iko wapi.

Tupige hesabu. Ekari iliyopandwa kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 inabeba miti 28. Mti mkubwa unataka gramu 250 za salfa ya unga kwa mzunguko mmoja, na mizunguko ni mitano, siku 14 hadi 21 kati ya mmoja na mwingine. Jumla kilo 35: mfuko mmoja wa kilo 25, na kilo kumi za mfuko wa pili. Juu yake weka petroli ya mashine na ujira wa mpulizaji, ambaye anatakiwa awe shambani alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umelala. Anayepuliza saa nne analisha upepo. Anayeruka mzunguko wa pili kwa sababu mfuko umeisha atakuta ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu, umetangulia: shada la maua limekuwa jeupe kama limenyunyiziwa unga wa muhogo, baada ya siku chache linakauka na kupukutika. Hapo hakuna dawa ya kurudisha ua. Atasubiri mwaka mzima, huku akilaumu mbegu.

Kwa hiyo fedha ya kilele ina safari ya miezi saba, na njiani inakutana na ada za shule za Januari, njaa ya masika, na ngoma za jando na unyago. Nilipokaa kuandika, nilikusudia kuisema vibaya ngoma.

Maana sote tunaukumbuka msimu wa 2017/18. Salfa ilitolewa bure mwaka ule, mvua haikutuangusha, nchi ikavuna zaidi ya tani 313,000 na bei mnadani ikapanda hadi shilingi 4,000 kwa kilo. Kama Kusini iliwahi kuwa na kilele, ni kile. Pikipiki mpya zikajaa barabara ya Masasi, bati zikameta mpaka vijiji ambavyo mtu hakutarajia. Likizo zilipofika, jando na unyago zikapigwa kwa spika kubwa, sare juu ya sare. Watu wakaanza kuishi kana kwamba 4,000 ndiyo bei ya korosho, siyo bei ya korosho ya mwaka mmoja. Hilo ndilo kosa la kilele popote, hata kwa fundi mwenye wateja wengi au kijana wa miaka 30 ambaye mgongo haujamuuma bado.

Kisha Oktoba 2018. Wanunuzi wakaja na bei ya chini, wakulima wakagoma kuuza. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300, na malori ya jeshi yakaanza kusomba. Bei nzuri, ila malipo yalikwenda na uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 alitakiwa shamba lake lionekane, ili wa kangomba, yaani walanguzi walionunua korosho za wakulima kwa bei ya chini nje ya mnada, wasijipenyeze. Wengine walisubiri hadi 2019 imesonga sana. Korosho ipo ghalani, stakabadhi ipo mfukoni, chumvi hakuna nyumbani. Bodaboda zile zile za mwaka uliopita zikauzwa kwa bei ya kutupa.

Hapa ndipo kalamu yangu inapolegea. Katika miezi ile ya kusubiri, bati halikuliwa. Kilichotembea ni debe la mahindi kutoka kwa shemeji, muhogo kutoka kwa somo wa binti, yule aliyemfunda unyagoni, mkopo usio na riba kutoka kwa mtu ambaye jina lake lilikuwa kwenye daftari la kutuza, lile la zawadi za ngomani. Ngoma niliyotaka kuiita upotevu ilikuwa, kwa nyumba nyingi, akiba pekee isiyohitaji uhakiki. Sisemi spika kubwa ni akiba. Nasema watu ni akiba.

Lipo jambo moja ambalo mwaka mzuri peke yake unaliruhusu, nalo hatulifanyi: kukata. Mikorosho mingi ya huku imezeeka, matawi yamegusana, na mkorosho huzaa pale jua linapofika tu. Mwenye fedha mkononi achague robo ya miti, ile mibovu, aikate baada ya mavuno kati ya nusu mita na mita moja kutoka ardhini, kwa mshazari maji yasituame. Machipukizi yakija, abakize manne au matano yenye nguvu, ayabebeshe, yaani ayaunge, vikonyo vya mbegu bora vyenye unene wa penseli. Aangalie funza wa shina, wanapenda kisiki kibichi. Asikate yote kwa pamoja, kwani miaka miwili mitatu hiyo atakula nini? Mwaka mbaya hakuna anayethubutu kukata mti unaompa hata debe moja.

Basi mpangilio wangu, kwa tahadhari: salfa ya Juni inunuliwe Desemba na iwekwe pakavu, kisha chakula, kisha robo ya kukata, ndipo ngoma, ila ngoma isikosekane. Mwenye ekari moja na watoto wawili wa jando mwaka mmoja, mpangilio huu utamkaba. Huyo apeleke mmoja mwaka huu, mwingine mwakani, kama wajomba watakubali. Na wajomba wa huku hawakubali haraka.

Msomaji, Mtwara