Mpunguzieni miiko mgonjwa wa tumbo

Wiki hii mmeuliza: mtu mwenye maradhi ya tumbo ya muda mrefu afanye nini, mbali na kumeza dawa, ili mwili wake wote na akili yake viwe na afya? Mimi nasema apunguziwe miiko ya chakula. Huku kwetu Tanga nimeona miiko ikiwadhoofisha watu ambao maradhi yenyewe yasingewafikisha hapo.

Mtu akisema tumbo linamwaka, kabla hajafika hospitali ameshapangiwa: maharage acha, dagaa acha, ndimu, pilipili, nyama nyekundu, chai ya rangi, embe bichi. Kila jirani anaongeza lake. Shangazi yangu alibakia na wali mweupe na maziwa. Akakonda, akawa akiinuka anashikwa na kizunguzungu, na alipopimwa damu ikaonekana pungufu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba aliacha kwenda shughulini. Penye arusi alituma zawadi, penye hitima alituma mtoto. "Mwanangu, nikienda nitakula nini? Nisipokula wataniona nina maringo." Na huyu ndiye aliyekuwa akiitwa mtaa mzima kusimamia sufuria za pilau.

Tukubali kwanza kwamba vidonda vya tumbo haviletwi na maharage. Barry Marshall na Robin Warren, madaktari wa Perth, Australia, walimtambua mwaka 1982 bakteria anayeitwa Helicobacter pylori, na kwa kazi hiyo wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Bakteria huyo ndiye chanzo kikubwa cha vidonda, pamoja na dawa za maumivu kama diklofenaki na aspirini, ambazo watu hununua dukani kila mgongo ukiuma. Pilipili inaweza kumuwasha mwenye kidonda, lakini haikukitengeneza. Maziwa hutuliza kwa muda mfupi, kisha tumbo huzidi kutoa asidi. Bakteria hafi kwa kunyimwa maharage. Huuawa kwa antibiotiki mbili au zaidi pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa siku 14. Anayetaka kujua kama bado anaye apimwe choo, kwa kuwa kipimo cha damu kinachotafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili hutengeneza kupigana na vijidudu, huweza kuonyesha maambukizi yaliyokwisha zamani. Na aulize mapema siku ngapi kabla ya kipimo aache dawa za asidi, maana huweza kuficha majibu.

Wapo pia wasio na kidonda wala bakteria. Wanaingiziwa kamera, vipimo vinatoka safi, na wakirudi nyumbani wanaambiwa wanajidekeza. Hili linanikera sana. Tumbo lina neva nyingi mno zinazowasiliana na ubongo mchana na usiku, na zinapokuwa nyepesi kusisimka, hata gesi ya kawaida huuma kweli. Hofu na kukosa usingizi huzidisha maumivu, nayo maumivu humnyima mtu usingizi. Kumwambia "huna kitu" ni kumwongezea mzigo uleule unaomuumiza.

Shangazi alianza kupata nafuu kwa daktari aliyemuuliza mambo ambayo hakuwahi kuulizwa: unalala saa ngapi, chakula cha usiku unakula saa ngapi, nyumbani nani anakusaidia? Akamwambia arudishe vyakula kimoja kimoja, kidogo, na aangalie kipi hasa kinamsumbua. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha na maji yake kumwagwa hayakumfanya chochote. Kilichomtesa ni vya kukaanga usiku na kulala mara tu baada ya kula. Mwezi wa Ramadhani ukifika, anapozidiwa hafungi, akiipokea kwa moyo mweupe ruhusa ya Sura ya Al-Baqara, aya ya 184, ya kulipa siku nyingine.

Haya yote si ya kumfanya mtu apuuze dalili mbaya. Choo cheusi kama lami, kutapika damu, kukonda bila sababu, au chakula kukwama kooni, aende hospitali bila kungoja. Saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni, inapatikana sana Afrika Mashariki, na wengi hufika wamechelewa.

Kwa madaktari, nawaomba mkishamwandikia mgonjwa cha kuacha, mwandikieni na cha kula. Nanyi wenye shughuli, mualikeni. Mtengeeni chakula kabla hamjatia pilipili, mpakulieni kidogo, na akibakiza msimuulize sababu mbele za watu.