Bosi anataka tufukie kalvati kabla majibu hayajatoka, nifanyeje?

Pole sana injinia mwenzangu. Hiyo ya bosi kukulazimisha utoe mbao zinazoshikilia zege na kufukia kalvati (njia ya zege ya kupitisha maji chini ya barabara) huko Newala kabla majibu ya kyubu, vile vipande vya zege vinavyopimwa nguvu, hayajatoka, kisa mvua za Desemba zinakaribia, inauma kwa kweli, maana likipasuka atakayeulizwa ni wewe uliyesaini. Zege linapimwa siku ya 7 na ya 28, haraka ya ofisi haiongezi nguvu yoyote. Usigombane nae kwenye simu, andika kwenye daftari la saiti tarehe, saa na alichosema, halafu muombe agizo kwa maandishi, wengi hapo hunywea. Akikataa usisaini ng'o, usajili wako wa ERB (Bodi ya Usajili wa Wahandisi) ndo ugali wako. Na vibarua wasiingie humo chini mpaka majibu yatoke, nakuomba sana ndugu yangu.