Ishara za vidole kwenye tachipadi
Je, kisoma skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti yaliyo kwenye skrini, hukubali ishara za vidole kwenye tachipadi (kibao cha mguso cha kompyuta)? Ndiyo, ila inategemea kompyuta uliyonayo. Kwenye Mac, VoiceOver (kisoma skrini cha Mac) ikiwa imewashwa, shikilia vitufe vya Control na Option kisha zungusha vidole viwili juu ya tachipadi kuelekea upande unaozungukia mishale ya saa. Kuanzia hapo, kutelezesha kidole kimoja kulia hukupeleka kwenye kipengele kinachofuata, na kugusa mara mbili hukifungua. Ukizungusha kinyume vivyo hivyo, unazizima ishara hizo. Kwenye Windows usijisumbue, kwa kuwa ishara za NVDA, kisoma skrini cha Windows, zilitengenezwa kwa ajili ya skrini ya mguso, na tachipadi hubaki kusogeza kishale cha kipanya, ambacho kwa asiyeona huvuruga kuliko kusaidia.