Mzee wa Nanga Anajibu: Columbia Imefungwa Jana, Leseni Yangu Ina Kazi Gani?

Barua nyingi za majira haya zinauliza jambo lilelile kwa sura tofauti: mbona Mto Columbia una sheria nyingi hivi, na mbona hazitulii? Nimejibu kwa urefu pale penye haja, na kwa ukali pale ambapo mtu anaweza kufa maji.

Shikamoo Mzee. Nimelipia leseni ya Oregon ya mwaka mzima pamoja na kadi ya samoni. Nimeamka saa tisa usiku, nimefika gatini na rafiki yangu, tunaambiwa samoni walifungwa jana. Kitabu cha sheria kinasema wako wazi. Nani kaniibia?
*Mwenye Hasira, Gresham*

Marahaba mwanangu, na pole kwa usingizi. Hakuna aliyekuibia. Leseni inakuruhusu kuvua mto ukiwa wazi. Haikukuahidi kwamba utakuwa wazi. Kwenye maziwa na vijito vingi, kitabu cha mwanzo wa mwaka kinatosha. Kwa samoni wa Columbia hakitoshi, kwa sababu msimu wao hupangwa na kupanguliwa samaki wakiwa njiani.

Mambo yanakwenda hivi. Sehemu ya chini ya mto ni mpaka wa Oregon na Washington, na majimbo hayo yana mapatano ya uvuvi yaliyoidhinishwa na Bunge la Marekani mwaka 1918. Ndiyo maana maofisa wa pande mbili hukaa pamoja kufungua na kufunga. Kabla ya majira ya kuchipua, wataalamu hukadiria ni samoni wangapi wa aina ya Chinook watapanda mto. Kwa tahadhari, uvuvi wa mwanzo hupangwa kana kwamba watakuja pungufu kwa asilimia 30. Kisha kila mtu anasubiri Bonneville. Bwawa hilo la mwaka 1938, kiasi cha kilomita 235 kutoka baharini, lina ngazi za maji za samaki kupandia, na kwenye ngazi hizo kuna madirisha ya kioo ambako watu huhesabu samaki mmoja mmoja. Ikifika Mei na hesabu ikawa ya kuaminika, makadirio hurekebishwa. Wakiwa wengi siku huongezwa. Wakiwa wachache, ndiyo hivyo tena.

Lakini mara nyingi kinachofunga mto ni samaki uliowaachia, wala si uliowabeba. Makundi 13 ya samoni na stilihedi, jamaa wa samoni, wa bonde hili yamo chini ya sheria ya viumbe walio hatarini. Wa kwanza kuingizwa walikuwa sokai, aina nyingine ya samoni, wa Mto Snake, mwaka 1991. Samaki pori wa makundi hayo unatakiwa kuwarudisha, ila wengine hufa baada ya kurudishwa, na vifo hivyo hukadiriwa na kuandikwa kwenye hesabu ya wavuvi wa spoti. Hesabu hiyo ikijaa mnafungiwa, hata kama samaki wa kufugwa, waliozalishwa vituoni na kuachiwa mtoni, wanarukaruka mbele ya macho yenu.

Halafu kuna wenye mto. Mikataba ya 1855 iliyahakikishia makabila ya wenyeji asilia, Yakama, Umatilla, Warm Springs na Nez Perce, haki ya kuvua mahali pao pa tangu kale, na mwaka 1969 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba wanastahili fungu la haki la samaki wanaopanda. Wapo wavuvi wa spoti wanaonuna wakiona nyavu zao upande wa juu wa Bonneville. Sina subira na manung'uniko hayo. Maporomoko yao ya Celilo yalizamishwa na bwawa la The Dalles mwaka 1957, na bado wanavua. Siku ukirudi mikono mitupu pita Cascade Locks, chini ya daraja la Bridge of the Gods, uwanunulie samaki. Ni wabichi kuliko wa dukani.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, weka kitabu pembeni usome tangazo la karibuni la idara ya samaki na wanyamapori ya jimbo lako. Asubuhi, kabla mashua haijagusa maji, lisome tena.

Mzee, sisi tunakaa upande wa Washington na mume wangu ana leseni ya huku. Mashua ikisogea upande wa Oregon ni kosa? Na watoto wangu, wa miaka 9, 13 na 16, nao wanahitaji karatasi?
*Mama Watatu, Vancouver*

Dada yangu, mkiwa ndani ya mashua kwenye mto wenyewe, pale unapokuwa mpaka, leseni ya jimbo lolote kati ya hayo mawili inatosha. Mguu ukikanyaga ukingo wa Oregon na ufito ukiwa mkononi, au mkiingia kwenye vijito na mikono ya mto ya upande huo, leseni ya Washington haiwafai tena.

Watoto: Washington inadai leseni kuanzia miaka 15, Oregon kuanzia 12. Kwa hiyo kwenu ni yule wa 16 peke yake, lakini wa 13 akienda na mjomba wake kuvua kwenye ukingo wa Oregon atahitaji ya huko. Kuna kitu wazazi wengi hawakijui: kadi ya kuandikia samaki ya Washington haina umri. Hata huyo wa miaka 9 lazima awe nayo akivua samoni, stilihedi au stajoni. Samaki huandikwa hapohapo anapovuliwa, si jikoni.

Rafiki yangu alitozwa faini kwa sababu samoni wake alikuwa na pezi moja zaidi. Hivi kweli mtu anahesabu mapezi?
*Mpenda Supu, Longview*

Anahesabu, na wewe anza leo. Kati ya pezi kubwa la mgongoni na mkia kuna kipezi kidogo cha nyama, laini, kisicho na miiba. Vifaranga vya vituo vya kufugia hukatwa kipezi hicho wangali wadogo, na mahali pake hubaki kovu lililofunga. Mwenye kovu ni wa kufugwa. Mwenye kipezi mhesabu kuwa wa porini, wa kurudishwa. Vipo vipindi, hasa majira ya kupukutika, ambapo Chinook yeyote huruhusiwa, ila usikisie; tangazo la siku hiyo litasema.

Mtazame angali majini. Washington inakataza kumwinua kabisa kutoka majini samoni au stilihedi unayetakiwa kumrudisha, kwa hiyo ile picha ya kumkumbatia kabla ya kumwachia ni ushahidi unaojitengenezea mwenyewe. Lowesha mikono, tumia wavu wa mpira usio na mafundo, vidole viwe mbali na matamvua. Ndoano ikatakiwa kuwa bila kijino, chukua koleo ukilaze kijino kabisa, kisha jaribu kwenye kitambaa: ikinasa, bado.

Na kwa kuwa nilimtaja stajoni hapo juu: huyo hapimwi hadi ncha ya mkia. Hupimwa kutoka puani hadi penye panda ya mkia, na siku chache wanazofungua sehemu ya chini ya mto, anayeruhusiwa kubebwa kwa miaka ya karibuni ni wa inchi 44 hadi 50 tu. Mdogo anarudi. Mkubwa anarudi pia, maana hao ndio wazazi, na stajoni anaweza kuishi hadi miaka 100. Ukitaka kujua wanafikia wapi, nenda kituo cha kufugia samaki cha Bonneville ukamwone stajoni aitwaye Herman kupitia kioo. Ana urefu wa zaidi ya futi 10. Watoto hunyamaza wakimwona, na watu wazima pia.

Naomba unifundishe kusoma maji. Kuna siku wenzangu wanapata na mimi, hatua chache tu kando yao, sipati hata mguso.
*Chambo Kavu, Portland*

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa hiyo vuta kiti.

Anza na mlango wa bwawa. Columbia ya leo hupanda na kushuka kwa matakwa ya mvua, theluji na wanaozalisha umeme. Mei na Juni, theluji ya milimani inapoyeyuka, Bonneville huweza kupitisha zaidi ya futi za ujazo 300,000 kwa sekunde. Ifikapo Septemba hushuka hadi kama theluthi ya hapo. Namba hizo hutangazwa kila siku. Maji yakiwa makubwa, samoni hapigani na mkondo wa katikati. Anajibana kandokando, penye kina cha futi kumi au hata chini ya hapo, karibu na mchanga. Mgeni husimama ufukweni na kurusha kwa nguvu zake zote, chambo kinatua mbali na njia ya samaki. Wazee wa Frenchman's Bar, ufukwe wa wavuvi karibu na Vancouver, wanaelewa: chubwi zito, chambo bandia chenye mabawa kinachozunguka, mrusho mfupi, kisha wanakaa kwenye viti vyao na kengele juu ya ufito. Wanaonekana wavivu. Wanapata.

Pili, bahari. Kujaa na kupwa husikika hadi karibu na Bonneville, hasa maji ya mto yakiwa madogo. Maji yanapokupwa mkondo hukaza, na hapo ndipo wa nanga hupata, kwa sababu mkondo wenyewe unachezesha chambo. Maji yakijaa mkondo hulegea, chambo kinalala kama kitambaa, na sasa ni zamu ya wanaokokota chambo kwa mashua taratibu. Ukishikilia mtindo mmoja kutwa nzima, nusu ya siku umeitupa.

Tatu, rangi. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Willamette, unaoingia Columbia kutoka upande wa Oregon, huleta maji ya tope, na tope hilo haliachani na upande wa Oregon mara moja. Vuka, au panda juu ya mdomo wa Willamette. Chambo kikizama futi mbili nisikione, mimi nabadilisha mahali kabla ya kubadilisha chambo.

Nne, joto. Maji yakipita nyuzi 20 za Selsiasi samoni huanza kuteseka. Kiangazi cha 2015 mto ulipata joto mapema, na sokai wapatao robo milioni walikufa kabla ya kufika kuzaliana. Siku za joto stilihedi na Chinook hukimbilia midomo ya vijito vya baridi, na wanasongamana huko. Oregon hupiga marufuku kuvua kwenye baadhi ya midomo hiyo wakati wa kiangazi, ukiwemo wa Deschutes na wa Herman Creek. Hata pale ambapo si marufuku, kuvua na kuachia kwenye maji ya moto ni kuua kwa adabu.

Ulisema wenzako wako hatua chache tu kando yako. Huenda wako juu ya ukingo wa mchanga wa chini ya maji, wewe uko kwenye shimo. Nunua chombo cha kupimia kina kabla ya kununua ufito wa tatu.

Na nanga, maana jina langu limetokana nayo: funga mbele ya mashua, kamwe si nyuma. Kamba iwe na boya ili uweze kujifungua mara moja gogo likija au meli ikipiga honi. Usitie nanga kwenye njia ya meli. Meli haiwezi kukukwepa. Jaketi la kuokolea livaliwe, lisikaliwe.

Nina mashua ya alumini ya futi 14. Agosti nataka kwenda Buoy 10, kule karibu na mdomo wa mto, kisha nitoke kidogo baharini. Unanishauri nini?
*Jasiri, Kelso*

Usitoke. Mdomo wa Columbia umezamisha vyombo vipatavyo 2,000 tangu 1792. Maji ya mto yanayokupwa yakikutana na mawimbi ya bahari, mawimbi husimama wima, na hubadilika ndani ya dakika chache. Baki ndani ya mto, karibu na Astoria, asubuhi upepo haujaamka, na urudi mapema. Watu wanapata samoni humohumo.

Mimi sitaki spoti, nataka kitoweo. Sina mashua na sina pesa nyingi. Mto huu una chochote kwangu?
*Sufuria Tupu, Portland*

Una, ndugu yangu, na wengi wanampita. Mwishoni mwa Mei hadi Juni wanapanda shadi, samaki wa fedha jamii ya sadini. Si wenyeji: waliletwa kutoka Atlantiki hadi Mto Sacramento mwaka 1871, wakasambaa wenyewe. Mwaka 2019 walipita Bonneville zaidi ya milioni 7. Ukiwa na leseni, hawana kikomo cha idadi wala urefu. Simama ukingoni chini ya Bonneville, nje ya mipaka ya mabango, na chambo kidogo kinachong'aa chenye chubwi juu yake. Wana miiba mingi sana. Wapike kwenye sufuria ya presha muda mrefu, miiba inalainika, unawala wote.

Na kama ni pesa: kuna samaki aitwaye paikimino, mla vifaranga wa samoni, ambaye hulipiwa. Kuanzia 1 Mei hadi 30 Septemba, kila mmoja wa inchi 9 au zaidi amekuwa akilipwa dola 6 kwa wale wa kwanza, ikipanda hadi 8 na 10 kadiri unavyoleta wengi, na fedha inatoka kwa wauza umeme wa mabwawa. Sharti ni moja ambalo watu hulisahau: jiandikishe kituoni siku hiyohiyo kabla hujatupa mshipi, kisha uwarudishe hapo siku hiyohiyo. Ukija na ndoo iliyojaa bila kujiandikisha, watakusalimu vizuri na hawatakulipa kitu.